Roboti darasa la tatu: watoto wanakimbilia mashine, hadithi inabaki peke yake. Nifanyeje?

Mwalimu wa Tatu B (Muheza)

Shikamooni mliotutangulia, na walimu wenzangu poleni na vipindi.

Nafundisha Kiswahili darasa la tatu, mkondo B, watoto 64. Mwezi wa pili kijana mmoja aliyesoma hapa zamani alituletea roboti wawili wadogo wa sakafuni, wale wenye sura ya nyuki, Bee-Bot. Wana vitufe mgongoni: mbele, nyuma, kushoto, kulia, na cha kijani katikati cha kumwamuru aondoke. Mwalimu mkuu akaitisha kikao kuuliza nani atawalea. Wote tukatazama dirishani. Mimi nikachelewa kugeuza shingo.

Sikutaka waishie kabatini pamoja na projekta ambayo haijawahi kuona ukuta. Alhamisi nina kipindi cha kusoma hadithi, dakika 40, nikasema niviunganishe. Nikachagua Sungura na Kobe kwa kuwa hakuna mtoto asiyeijua. Sungura nikamkatia masikio ya manila. Kobe nikamtafutia kifuu cha nazi kiwe gamba, nikajiona fundi kweli kweli, mpaka nilipogundua kifuu kimefunika vitufe vyote.

Nilisoma hadithi kama dakika kumi na nina hakika hakuna aliyenisikia. Macho yote kwenye boksi. Nilipowatoa, darasa zima likahamia sakafuni. Punde Sungura akawa Simba, Kobe akawa Yanga, na wa nyuma wakapanda juu ya madeski. Roboti wakafika mwisho sawasawa, maana mwendo wao ni mmoja. Wakataka turudie. Tulirudia mara nne. Mwishoni nikauliza, haya, kwenye hadithi, kwa nini Kobe alishinda? Mtoto mmoja akanyoosha mkono kwa adabu zote: "Mwalimu, betri yake ilikuwa imejaa."

Nilicheka, lakini nilirudi nyumbani nimenywea. Kuna mtu humu amewahi kuunganisha vitu hivi viwili na hadithi isife? Watoto 64 kwa roboti wawili mnawagawaje? Halafu roboti mmoja nadhani ni mbovu. Nikimbonyezea hatua tatu anakwenda saba. Nikimbonyezea tena tatu anakwenda kumi, mpaka uvunguni mwa kabati.

Mstaafu wa Chaki

Marahaba, mwanangu. Nimeshika chaki miaka 34, kwa hiyo nitasema lililo moyoni. Kati ya hao 64, wangapi wanasoma aya moja bila kukwama? Kama hujui, hilo ndilo swali la kuleta hapa kwanza. Tumeona redio za shuleni, tumeona televisheni, tumeona vishikwambi vya sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu, na kila kimoja kilikuja na semina na soda. Mtoto asiyejua kusoma ukimpa roboti umempa mdoli wa bei mbaya.

Mwalimu wa Tatu B (Muheza)

Mzee wangu, nilihesabu mwezi uliopita. 46 wanasoma vizuri, 9 wanasoma kwa kusitasita, 9 bado wanaunganisha silabi. Hao tisa wa mwisho ndio waliokuwa mbele kabisa siku ya roboti, na wiki ile hakuna hata mmoja aliyetoroka. Ndiyo maana sijawarudisha kabatini.

Mstaafu wa Chaki

Hapo umenijibu. Basi chukua ushauri mmoja tu: siku ya hadithi boksi lisiingie darasani, libaki ofisini. Mwaka mmoja niliingia na kinyonga ndani ya chupa ili nisimulie ngano ya kinyonga. Ngano niliisimulia, lakini msikilizaji alikuwa kinyonga peke yake.

Maalim wa Skuli ya Shamba (Kusini Unguja)

Mwalimu, asalaam aleikum. Nianze na mgonjwa wako, maana si mgonjwa. Yule nyuki anakumbuka kama mdai. Maagizo uliyompa mwanzo bado anayo, na ukibonyeza mapya anayaunganisha mkiani mwa yale ya zamani. Ulimpa nne, ukampa tatu, akaenda saba. Ukampa tatu nyingine, kumi. Kuna kitufe kidogo chenye alama ya X: bonyeza hicho kwanza, anasahau yote, ndipo uanze. Mie nilipoteza juma zima kabla ya kukijua, na nilikwisha andika barua ya kuomba fundi.

La pili, mkeka wa kumtembezea, uliochorwa vyumba vya mraba. Hatua yake moja ni sm 15, na akigeuka anageuka robo, nyuzi 90, hapo hapo alipo bila kusogea. Kwa hiyo ukichora vyumba vya upana mwingine mtagombana na mashine mpaka kengele. Sisi mwanzo tulichora kwa shibiri, kila mtoto na shibiri yake, na nyuki wetu, tuliyemfanya papa wa hadithi, akawa anapanda nchi kavu. Sasa tunapasua viroba vya unga, tunavishona kwa uzi wa kushonea magunia, tunapiga mistari kwa kalamu ya wino mzito. Rula ya sm 30 inatoa vyumba viwili kamili, hata mtoto wa darasa la pili hakosei. Kiroba kikichafuka unakipangusa, ukimaliza unakikunja chini ya kwapa.

Sasa hiyo mbio yako. Hukukosea hadithi, ila uliwaachia miguu yao. Hawa wawili mwendo wao sawa kwa kuzaliwa, kwa hiyo aliye mzito na aliye mwepesi lazima watoke kwenye maagizo. Kuna kitufe chenye vijistari viwili vilivyosimama, hicho kinamsimamisha sekunde moja. Kobe mpe: hatua, pumzika, hatua, pumzika, mpaka hatua nane. Sungura mpe hatua sita mfululizo, halafu alale, halafu amalizie mbili. Usiwaambie alale kiasi gani. Waache watafute. Wangu walianza na mapumziko matano, Sungura akashinda, na darasa zima likapiga kelele kwamba hadithi imeharibika. Wakajaribu nane, wakaja karibu sare, ugomvi. Kumi na mbili, Kobe akapita na Sungura bado amelala. Mtoto mmoja akaniuliza kama Sungura alikuwa amechoka au amedharau, kwa sababu aliyechoka halali sekunde kumi na mbili, huyo amedharau. Hapo ndipo nilipojua kuna kitu hapa. (Usiogope idadi, hata Bee-Bot wa zamani anabeba maagizo 40.)

Lakini hadithi niipendayo kwa kazi hii ni ya kima na papa. Unaijua: mkuyu umeinamia bahari, kima juu anakula kuyu, papa chini anarushiwa, urafiki unakua. Siku moja papa anamwambia kima panda mgongoni twende kwetu. Katikati ya bahari ndipo anamtobolea: Sultani wetu mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu, loo, ungenambia mapema, sisi tukitoka mioyo tunaiacha mtini. Papa anageuka. Kima anapanda mti wake, na habari ya punda wa dobi ndiyo inayofuata.

Tazama hadithi yote ilivyo: ni safari moja yenye kusimama na kugeuka. Roboti mmoja anatosha. Chumba cha kwanza cha mkeka ni mkuyu, cha mwisho ni kwa Sultani, katikati vyumba saba vya bahari. Papa ni nyuki aliyevalishwa sketi ya manila, pezi moja nyuma, vitufe viko wazi. Kima ni kitambaa kilichojazwa sufi.

Nikawauliza jambo moja tu: papa asimame chumba cha ngapi? Nilidhani ni swali la dakika mbili. Mwalimu, kipindi kiliisha. Msichana mmoja akasema chumba cha pili, kwa sababu rafiki hawezi kunyamaza na neno zito kama lile. Mwenzake akasema hapana, cha nne, kwa sababu akisema mapema kima ataruka aogelee mpaka pwani, papa si mjinga. Wakarudi kwenye kitabu kutafuta "katikati" imeandikwa wapi. Walirudi wenyewe, sikuwatuma. Halafu wakabishana kama asimame kabisa au aseme huku anakwenda. Yule msichana akasema asimame, pumziko tatu, maana neno kama hilo halisemwi mwendoni. Mvulana mmoja akasema aseme huku anakwenda, kwa sababu ameona haya na hataki kutazamana.

Kwenye kurudi kundi moja liliandika kulia, kulia, mbele. Robo mbili ni nusu, amegeuka. Kundi jingine halikumgeuza kabisa. Wakambonyezea nyuma, nyuma, nyuma, nyuma. Wenzao wakacheka, papa anaogelea kinyumenyume! Aliyebonyeza ni mtoto mkimya sana, hajibu darasani ila umwite jina. Akasema: "Papa bado anatazama kwa Sultani. Anamwogopa." Nilikaa chini. Nimeisimulia hadithi ile miaka mingapi, na sijawahi kumfikiria Sultani aliyebaki kule anangoja.

Kuhusu wingi: mie nina 58. Makundi ya wanane wanane hivi, na katika wanane ni mmoja tu anayegusa roboti, tena mwisho kabisa. Kila kundi lina kadi zilizokatwa kwenye makasha ya biskuti, upande mmoja mshale, upande wa pili sentensi ya hadithi waliyoandika wao: "Papa akaogelea hatua nne." "Papa akanyamaza." Wanazipanga chini kama dhumna. Hakuna kubonyeza kabla kadi hazijapangwa zote, na anayebonyeza anasoma kila kadi kwa sauti kabla ya kidole kushuka. Asipoisoma, kidole hakishuki. Mzee Mstaafu, hao tisa wa mwalimu wapewe kazi hiyo hiyo ya kubonyeza. Sentensi ni fupi, wameitunga wenzao, na wana sababu ya kuisoma.

Wanaongoja zamu wako nje uani. Tumechora vyumba kwa chaki, mtoto mmoja ni roboti, mwingine anamsomea kadi. Roboti haruhusiwi kufikiri. Ukimwambia mbele na mbele kuna ndoo, anaipiga teke ndoo. Wanalipenda hili kuliko roboti mwenyewe, na ndiko makosa mengi yanakoonekana, hasa kulia na kushoto: mtoto akiwa amekuelekea wewe, kulia kwake si kulia kwako.

Jingine dogo: anza na paukwa. Ukisema paukwa, wakajibu pakawa, mikono yao inatulia. Vitufe baadaye.

Fundi Msimbo (Mombasa)

Maalim, hiyo ya Sultani imenishika. Mimi si mwalimu, naandika programu, Jumamosi nakaa na watoto wa mtaa hapa Kisauni. Nina mawili ya kuongeza.

Hao watoto wako wa uani wanafanya kitu chenye ukoo mrefu. Roboti wa watoto alianza akiwa kobe. Mwisho wa miaka ya 1940 kule Bristol, Uingereza, William Grey Walter alitengeneza vimashine viwili vya kufuata mwanga, akaviita kobe, majina yao Elmer na Elsie. Baadaye, 1967, Seymour Papert, Cynthia Solomon, Wally Feurzeig na wenzao huko Marekani wakatoa lugha ya Logo, lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto, na haikuchukua miaka mingi ikapata kobe wake wa sakafuni aliyebeba kalamu tumboni na kuchora alikopita. Papert alikuwa akiwaambia watoto, ukikwama, simama uende mwenyewe kama kobe. Ndiyo ndoo yako hiyo. Kwa hiyo mwalimu wa Muheza, kifuu chako cha nazi hakikuwa upuuzi, kilikosa tu tundu la vidole.

La pili, hadithi ya fisi kwenye njia panda. Sisi tuna micro:bit, kile kibao cha kompyuta ndogo cha sm 4 kwa 5, taa ndogo 25 mbele na vitufe viwili, A na B. Tulimjenga fisi wa boksi, miguu miwili ya mbele imeshikwa na mota ndogo za servo zenye betri zake. A ni harufu ya nyama kutoka kushoto: mguu wa kushoto unatoka, taa zinachora mshale. B ni kulia. Pale kwenye programu kuna sehemu ya tatu iliyo tayari, A na B pamoja. Watoto hawakuhitaji kuambiwa ni ya nini. Ukibonyeza vyote viwili miguu inatanuka mpaka boksi linapasuka msamba. Tumepasua mafisi manne. Solotepu imeisha.

Halafu kasichana kamoja ka gredi ya nne kakasema tunaweza kumwokoa. Kakaandika: akinusa pande zote mbili, aketi kwanza. Tukajaribu. Fisi akaketi. Kimya. Wote tukamtazama fisi ameketi, na mvulana mmoja akauliza, "Sasa hadithi iko wapi?" Hatukuwa nayo. Wakapiga kura, wakamrudishia ulafi wake. Mimi kila siku kazini nalipwa kuondoa makosa kwenye programu, na hapo nikaona watoto wakilirudisha kosa kwa kura, 11 kwa 3.

Bi Tabu (Massachusetts)

Hamjambo ndugu zangu. Mimi ni msaidizi wa mwalimu katika shule ya msingi huku Marekani, mama yangu ni wa Tanga, kwa hiyo nikiona Muheza lazima niingie.

Huku Chuo Kikuu cha Tufts kina mpango unaoitwa Novel Engineering, na kwetu tumeufuata. Watoto wanasoma kitabu, wanafika mahali mhusika ana shida, kitabu kinafungwa. Mhusika ndiye mteja wao. Wanamtengenezea kitu cha kumsaidia, lakini kwa masharti ya kitabu: kama yuko kisiwani, huwezi kumpa umeme wa ukutani. Vifaa ni maboksi, kamba, vijiti, wakati mwingine mota, wakati mwingine hakuna. Kwa hiyo hata roboti wakiharibika, kazi inaendelea. Ila naungana na Fundi, si kila hadithi inataka kuokolewa. Kuna mtoto alimtengenezea mhusika simu, hadithi ikaisha ukurasa wa tatu.

Mwanangu wa miaka minane nilimsimulia Abunuwasi na sufuria iliyozaa. Akaenda akajenga boksi lenye mota linalosukuma nje kisufuria kidogo. Nikamuuliza, na jirani je, yule aliyekubali sufuria imezaa lakini akakataa kuwa imekufa? Akafikiri, akasema jirani haundiki, jirani ni mtu.

Kama una kishikwambi hata kimoja, jaribu ScratchJr, programu ya watoto ya kutunga hadithi zinazotembea. Ukishaiweka haihitaji intaneti, na kila kazi ina mwisho wa kurasa nne tu. Kurasa nne ni kipimo kizuri kwa mtoto: inabidi achague nini kwenye hadithi hakiachiki. Anaweza pia kurekodi sauti yake. Wale wanaounganisha silabi wanarekodi mara kumi mpaka waridhike, na hakuna anayewacheka.

Mwalimu wa Tatu B (Muheza)

Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki tano. Asanteni sana, na Maalim Mungu akupe umri.

Kitufe cha X kimeponya roboti. Niliona aibu ya peke yangu.

Boksi nililiacha ofisini kama alivyoagiza mzee. Alhamisi ya kwanza tulisoma tu kima na papa, paukwa pakawa, hakuna roboti. Alhamisi ya pili kadi na uani. Ya tatu ndipo papa akaingia. Viroba nilipata kwa mama anayeuza unga, alinipa vinne, akaniuliza vya nini, nikamwambia bahari. Akanitazama kama mgonjwa.

Haikwenda vizuri yote. Alhamisi ya nne roboti mmoja hakuwa na chaji kwa sababu umeme ulikatika usiku kucha, tukabaki na mmoja kwa makundi manane, na kundi la mwisho halikupata zamu. Walilia. Wiki iliyofuata niliwaanza wao. Na kadi zetu za kwanza mwalimu wa zamu alizikuta zimetapakaa uani akazichoma na takataka, tukaandika upya zote.

Sungura na Kobe tulirudia kwa njia ya mapumziko. Yule wa betri ndiye aliyekuwa mhesabuji wa kundi lake. Nikamuuliza tena swali lile lile. Akasema, "Kobe alipumzika mara nane, Sungura mara kumi na mbili, lakini Kobe alipumzika kidogo kidogo." Sikumuongezea neno.

Kati ya wale tisa, wanne sasa wanasoma kadi bila kusaidiwa. Kadi tu, sijasema aya, mzee asije akanikamata. Watano bado. Mmoja wao anabahatisha kwa kuangalia mshale upande wa pili, mjanja huyo, kwa hiyo kadi zake nimezikata bila mshale.

Kuhusu papa kusimama: makundi sita kati ya manane yalimsimamisha. Moja lilimsimamisha mara mbili, chumba cha pili na cha tano. Nikauliza kwa nini mara mbili. Wakasema mara ya kwanza alitaka kusema akashindwa.

Nimebaki na tatizo moja la ufundi. Kima wetu anaanguka kila papa anapogeuka. Nilitaka nimgandishe kwa gundi, watoto wamekataa katakata. Wanasema akigandishwa atapandaje mti?

Maalim wa Skuli ya Shamba (Kusini Unguja)

Wako sawa wao. Chukua kibanio cha nguo, kile cha mbao, kigandishe kwenye sketi ya manila karibu na pezi, mbali na vitufe. Kima mbane mkia. Akifika mkuyuni mtoto anabonyeza kibanio, kima anapanda zake. Cha plastiki usinunue, hakibani.

Na hao waliomsimamisha mara mbili, kadi ya chumba cha pili wameiandikaje?

Mwalimu wa Tatu B (Muheza)

"Papa akafungua mdomo. Maji yakaingia."